Njia Panda ya Stesheni

Ungekubali wewe kusimama kwenye mvua ya Aprili kutwa nzima, katika njia panda ambayo hata ng'ombe hawaitaki, ili waendesha baiskeli mia na ushee wakupite kwa muda usiotosha kuwasha sigara, kisha urudi nyumbani bila kujua nani ameshinda?

Usijibu haraka. Watu wengi wa kijiji cha Vaux-Mélin waliulizwa swali hilo na Ghislain Wathelet wiki ile, wakajibu haraka, na majibu yao yote yalifanana.

Ghislain alikuwa mkata mawe mstaafu. Miaka yake ya nguvu aliimalizia machimboni, akipasua lile jiwe la buluu ambalo nusu ya vizingiti vya bonde la mto Ourthe vimejengwa nalo, na vumbi la jiwe hilo likahamia mapafuni mwake na kukataa kuondoka. Ngazi za nyumbani kwake alizipanda kwa awamu mbili. Mgeni akibisha hodi, mkewe Nelly humwambia, "Kaa kwanza, Ghislain yuko safarini, anatoka chumbani kuja sebuleni." Ghislain hucheka, na kicheko chenyewe humletea kikohozi.

Lakini mara moja kwa mwaka mtu huyu aliyeshindwa na ngazi alikuwa jemadari. Yeye ndiye mkuu wa washika bendera wa mbio za Vaux-Mélin. Mshika bendera ni yule mtu wa kizibao cha njano na firimbi anayesimama kwenye kila makutano, akafunga njia, akawaonyesha waendeshaji upande wa kwenda. Hapewi kitu ila mkate wenye nyama na kikombe cha supu. Televisheni haimwonyeshi kamwe. Akikosekana, mbio hazipo.

Na mbio zenyewe ni kitu gani hata mzee apoteze usingizi kwa ajili yake? Zile mbio kubwa za kiangazi, za majuma matatu, zina kesho. Mtu akishindwa leo hujifuta jasho, akala tambi zake, akalala. Mbio za siku moja za vilima vya Aprili hazina kesho. Kuna leo, na kuna vilima, kimoja nyuma ya kingine, vifupi, vya kikatili, vimejificha nyuma ya mazizi na makanisa, na kila kimoja kinamvua mtu kitu alichodhani ni chake. Anayebaki mbele kwenye kilima cha mwisho si lazima awe mwenye mbio kuliko wote. Ni yule aliyebakiza kitu ndani wakati wenzake wamekauka. Halafu hakuna ukuta, hakuna tiketi, hakuna lango. Hakimu na mfagia barabara wanasimama kwenye ua mmoja wa miti, wanarushiwa matope yaleyale. Katika dunia ambayo hata kivuli kinauzwa, hiki bado ni cha bure. Na kitu cha bure kina adui mmoja mkubwa: watu wanaodhani kinajilinda chenyewe.

Ijumaa kabla ya mbio, Inspekta Lejeune wa polisi alikuja kwenye duka la mikate la Odile Pirotte, mwenyekiti wa kamati ya mbio. Wakakaa nyuma, karibu na tanuri, yeye, Odile na Ghislain. Inspekta alikuwa anakula keki ya mchele na kutishia kwa wakati mmoja.

"Nawapenda, na mnajua nawapenda," alisema, uma mkononi. "Lakini mwaka jana trekta liliingia katikati ya kundi. Safari hii njia panda moja ikikaa wazi, moja tu, nafunga faili. Mwakani msije ofisini kwangu hata kunisalimia."

"Hata kukiwa na sababu?" Odile aliuliza.

"Sababu gani? Kama mtu wenu amekunywa akaondoka mwenyewe, hilo ni lake, nitaandika jina lake na nyinyi mtabaki salama. Lakini uzembe ukiwa wa kamati, kwisha habari."

"Ongeza kipande basi. Labda kitakupa huruma."

"Huruma ninayo, Mama Odile. Saini ndiyo sina."

Alipoondoka, Odile alifuta meza kwa muda mrefu kuliko meza ilivyohitaji. "Tumekamilika?"

"Bado mmoja," Ghislain akasema. "Nafasi ya Camille."

Camille Bodson alisimama mahali pamoja tangu alipokuwa na nywele nyeusi, na Februari ile wakamzika. Alisimama pale panapoitwa Stesheni, chini ya Thier-du-Loup, kilima cha mwisho, ambako barabara ya mto inaendelea mbele na njia ya mbio inakata kushoto na kuanza kupanda. Kuna sehemu nyingine ambako unaweza kumweka mtu anayesinzia. Pale huwezi.

Jumamosi Ghislain alianza kuzunguka nyumba hadi nyumba, gari lake dogo la mizigo likikohoa kama yeye.

Kijana wa kwanza alikuwa anaosha pikipiki. "Mzee Ghislain, siku hizi mbio mtu anaziangalia kwenye simu."

"Kwenye simu huoni hata mvua."

"Ndiyo raha yake."

Mama mmoja alisema mgongo wake umekatika. Alisema hivyo akiwa amebeba mzigo wa kuni, akaona Ghislain anautazama mzigo, akacheka mwenyewe. "Unaniuma Jumapili tu, shemeji. Nisamehe."

Bwana mmoja aliyehamia kutoka mjini, mwenye nyumba ya vioo, alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unataka nisimame nizuie magari ya watu, siku ambayo langu mwenyewe mmelizuia ndani?"

"Ni saa chache tu, bwana. Nakuomba."

"Zikifutwa hizi mbio zenu nitafungua chupa. Sikufichi."

Ghislain alivua kofia. Hakujua kwa nini aliivua. Alisimama kwenye kizingiti cha mtu, kizingiti cha jiwe la buluu ambalo pengine alilikata mwenyewe, kichwa wazi, akihema, akitafuta neno lingine la kuomba. Mlango ukafungwa kwa adabu. Afadhali ungebamizwa.

Nyumba ya mwisho ilipokataa, alikaa garini. Alifikiria kusimama Stesheni yeye mwenyewe. Lakini mkuu wa washika bendera lazima awe na redio, azunguke, azibe panapovuja. Akisimama mahali pamoja, kwingine kote hakuna macho. Alifikiria kumpigia Inspekta na kumdanganya. Alifikiria baba yake, aliyeshika bendera ileile kabla yake, akashindwa kufikiria zaidi. Akarudi nyumbani.

"Umemaliza nyumba zote?" Nelly aliuliza bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Zote."

"Uongo. Umebakiza moja. Ile ya juu kule, yenye vitanda mia mbili."

Alimaanisha kituo cha wakimbizi, ile iliyokuwa kambi ya likizo ya wafanyakazi, ukingoni mwa msitu.

"Wale hawajui mbio, Nelly."

"Umewauliza? Au umewajibia?"

Alipofika kituoni alikuta mtu mrefu mwembamba kwenye baraza, baiskeli ameipindua juu chini, anasafisha mnyororo kwa mswaki. Jina lake lilikuwa Habtom, kutoka Eritrea, na Kifaransa chake kilikuwa kipya, kila neno analiweka chini taratibu kama mtu anayepanga vyombo vya wenyewe. Ghislain alianza maelezo yake aliyoyarudia kutwa nzima, mvua, firimbi, saa nyingi, hakuna malipo. Habtom alimkatiza.

"Mbio za Thier-du-Loup?"

"Unazijua?"

"Nimekipanda kile kilima. Mara nyingi." Alionyesha baiskeli, chuma kizito cha kubebea mikate. "Kwetu Asmara, Jumapili barabara inafungwa. Mama yangu anaacha mchuzi unaungua, anakwenda kuangalia. Baba yangu anagomba kwa sababu ya mchuzi, halafu anamfuata." Akamgeukia Ghislain. "Baba, mimi nitasimama."

"Hujaniacha hata nimalize."

"Umalize nini? Nimekubali."

Ghislain alimshika mkono akasahau kuuachia. Alimpa kizibao, bendera na firimbi. Alimweleza kila kitu, kama alivyowaeleza wote. "Wewe utakuwa Stesheni. Pale ndipo moyo wa mbio. Watakuja kwa barabara ya mto, wanakuja kama risasi. Wewe unasimama katikati, unapiga firimbi, unaonyesha kushoto. Asipite mtu moja kwa moja. Hata malaika. Uwe pale kabla ya saa sita mchana, usiondoke mpaka lipite gari la mwisho, lenye bendera ya kijani."

"Stesheni," Habtom alirudia. "Naijua."

Ghislain hakuuliza zaidi. Nani asiyeijua Stesheni? Alirudi nyumbani akala sahani mbili, akalala kama jiwe. Nelly alisema baadaye kwamba hata kukohoa hakukohoa.

Jumapili ilikuja na mvua iliyochanganyika na theluji, ile ya Aprili inayokaa kwenye maua ya miti ya matunda hata usijue kipi ni ua na kipi ni barafu. Ghislain alizunguka na gari lake tangu asubuhi. Kwa Daktari palikuwa na mtu. Kwenye Mti palikuwa na mtu. Kwenye Kinu palikuwa na watu wawili na chupa ya pombe kali ya mreteni, akawanyang'anya chupa. Stesheni hakufika. Mtu pekee aliyekubali kabla hajamaliza kuombwa hakuhitaji kukaguliwa. Zaidi ya hayo, wenzake walianza kupiga simu: huku kamba imekatika, kule mwenye nyumba ya vioo anataka kutoka na gari lake.

Alasiri alijipa dakika zake chache. Aliegesha gari kwenye kilima cha kabla ya mwisho, akashuka, akaegemea boneti, na watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, miavuli, chipsi, mbwa, bibi mmoja ameleta kiti cha jikoni. Redio ilisema kuna mtu mmoja peke yake mbele. Radovan Hudec, Mslovakia, wa timu ndogo, miaka thelathini na tatu, hajawahi kushinda chochote kikubwa katika maisha yake. Amekimbia peke yake tangu kilima cha nne.

"Atakamatwa," alisema jirani mmoja huku anatafuna. "Wa namna hii hukamatwa."

"Kama wewe ulivyokamatwa na mkeo," akajibu bibi wa kiti. "Ulikuwa mbele sana."

Watu wakacheka, na papo hapo wakanyamaza, kwa sababu pikipiki ya mbele ilikuwa imetokea kwenye kona, na nyuma yake yeye. Alikuwa na rangi moja tu, ya matope. Mdomo wazi. Alipita karibu kiasi kwamba Ghislain alisikia pumzi yake, na pumzi ile aliifahamu, maana ilikuwa yake mwenyewe kwenye ngazi za nyumbani. Lakini huyu alikuwa anapanda. Hakumtazama mtu. Watu waliinama kumpigia kelele sikioni, wanaomjua na wasiomjua, kwa jina lake walilolisikia redioni dakika hiyohiyo, na Ghislain naye akajikuta anapiga kelele kwa mapafu asiyokuwa nayo. Kundi lilikuwa nyuma, mbali bado. Kimebaki kilima kimoja. Jamaa huyu ambaye hakuna aliyemjua asubuhi alikuwa anaelekea kushinda Vaux-Mélin, na kila aliyesimama kwenye matope yale alijua maana yake kwa mtu kama huyo, mwenye timu kama hiyo, katika umri huo.

Ghislain alirudi garini machozi yakimtoka. Ni baridi, alijiambia.

Redio ya kamati ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Odile. "Ghislain. Stesheni kuna nani?"

"Kuna mtu."

"Mbona pikipiki ya mbele inaniambia iko kwenye barabara ya mto, inakwenda mjini Hamelle?"

Alisema neno ambalo Nelly haruhusu ndani ya nyumba, akawasha gari. Njia za mkato alizijua zote. Alifika chini ya Thier-du-Loup akakuta shamba, hori la saruji lenye maua ya halmashauri, ubao wa mshale umeangushwa na upepo umelala kifudifudi kwenye majani. Mtu hakuna. Barabara ya mto ilikuwa wazi mbele, inang'aa kwa maji. Alishuka akasimama katikati kwa mikono mitupu, na kundi lilipotokea akalionyesha kushoto kwa mikono yote miwili kama mtu anayezama. Likakata kushoto. Likapanda. Mtu mwingine akashinda; jina lake limo kwenye magazeti, halimo hapa.

Hudec alikutwa kilomita mbili mbele. Pikipiki iliyomwongoza iliufuata mto kwa sababu hakuna aliyeizuia, naye aliifuata pikipiki kwa sababu hakuwa na kingine cha kufuata. Barabara ile haikuwa imefungwa. Lori la maziwa lilimjia uso kwa uso na yeye akachagua mtaro wenye majani ya kuwasha. Hakuvunjika. Goti lilikuwa limechanika, na alikuwa amekaa ukingoni, helmeti mapajani, akiuliza kila aliyemkaribia swali moja kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa.

Jioni, mwanga ungalipo, ukumbi wa parokia ulijaa vizibao vya njano vilivyolowa. Supu ilikuwa pale, hakuna aliyeigusa. Inspekta Lejeune alisimama mlangoni na kofia yake chini ya kwapa.

"Mmoja wa wale wa juu," mtu alisema. "Nilijua."

"Ulijua nini?" Nelly akauliza. "Jana uliombwa wewe, ukasema una mafua. Naona umepona."

"Mama Nelly, ukweli ni ukweli. Mtu amekimbia kazi."

Odile alimvuta Ghislain pembeni, kwenye ngazi za jukwaa. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. "Nisikilize vizuri. Lejeune mwenyewe alishasema. Mtu akiondoka kwa hiari yake, ni lake. Ataandika jina la yule kijana, na sisi tunabaki. Mbio zinabaki."

"Na yeye?"

"Yeye atapata barua ya karipio. Basi."

"Odile, yule anasubiri kujibiwa kama atakaa nchi hii au atarudishwa. Jina lake likiandikwa na polisi unafikiri litasomwa vipi?"

"Sasa nifanye nini? Amekimbia au hakukimbia?"

Moyoni Ghislain alikuwa ameshamkasirikia yule mtu, hasira kubwa ya mtu aliyeamini haraka. Amekimbia. Basi aandikwe.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Habtom akaingia. Alikuwa amelowa mpaka maji yanadondoka kutoka kwenye nyusi, midomo imegeuka kijivu, bendera ameikunja vizuri chini ya mkono. Aliwatafuta kwa macho, akamwona Ghislain, akatabasamu kwa shida kwa sababu mashavu yalikuwa yameganda.

"Baba, walibadilisha njia? Sikuwaona. Nimengoja mpaka basi la mwisho."

"Ulikuwa wapi?" Ghislain akauliza.

"Stesheni."

"Nimefika Stesheni. Hukuwapo."

"Nilikuwapo. Tangu saa nne asubuhi. Mbele ya mlango mkubwa, chini ya saa ya ukutani. Nilizuia magari. Wenye teksi walinitukana. Basi moja nililizuia mpaka dereva akashuka." Aliwatazama mmoja mmoja. "Stesheni. Ya treni. Hamelle."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni.

Maana Vaux-Mélin hakuna stesheni. Ilikuwapo. Reli iling'olewa kabla Inspekta hajazaliwa, jengo likabomolewa, mawe yake yakaenda kujenga kuta za watu. Kimebaki kipande cha shamba na lile hori la maua. Lakini nani kijijini aliacha kupaita Stesheni? Kwa Daktari, daktari alikufa zamani na nyumba ni saluni. Kwenye Mti hakuna mti, uliangushwa na dhoruba. Kinu hakina gurudumu wala maji. Watu wa pale wanaishi katika kijiji kisichokuwapo, wanaelekezana humo na hawapotei, na haikumjia Ghislain akilini hata chembe kwamba mtu anaweza kuwa na macho tu, bila kumbukumbu. Mtu wa Asmara aliambiwa stesheni akaenda stesheni.

Ghislain alikaa kwenye ngazi ya jukwaa. Alisikia Odile akiinama karibu na sikio lake, akinong'ona haraka, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, Odile ambaye hajawahi kuomba. "Bado inawezekana. Tunasema alielekezwa, hakuelewa lugha. Si uongo mkubwa. Ghislain, nakusihi. Baba yako, baba yangu. Usiziue mbio zao."

Inspekta alikuwa ameshatoa kalamu. "Haya. Jina la mhusika?"

"Wathelet," Ghislain akasema.

"Nakuuliza la huyu."

"Huyu alisimama pale alipotumwa. Alisimama zaidi yetu sote, tena kwenye mvua, hakuna hata aliyempelekea supu. Mimi ndiye niliyemtuma mahali pasipokuwapo. Na asubuhi sikwenda kukagua. Andika Wathelet, mkuu wa washika bendera, mtu wa kamati."

Kalamu ilibaki hewani. Inspekta hakuwa mtu mbaya. Alisubiri, kwa muda, kama anayemshikia mtu mlango. "Unajua maana yake."

"Najua."

"Basi mmejifunga wenyewe," akasema Lejeune taratibu, na akaandika.

Watu walivua vizibao vyao, wakavirundika mezani, wakatoka mmoja mmoja. Yule wa mafua alipita karibu na Ghislain akamwambia, "Kwa mapafu kama hayo, afadhali ungenyamaza." Odile alizima taa za jukwaa, kisha za ukumbi, kabla hata hawajatoka wote. Nelly alimmiminia Habtom supu katika giza na kumshikia bakuli, kwa sababu mikono yake haikuwa inafunga.

"Baba, nimeharibu?" Habtom aliuliza.

"Kunywa," Ghislain alisema. Alitaka kulia na hakuwa na pumzi ya kulilia. Miaka yote ile, maelfu ya watu kwenye ua wa miti, bibi na kiti chake cha jikoni, na mtu aliyekuja kuyamaliza yote alikuwa ni yeye, kwa neno moja alilolizoea mdomoni.

Jumatatu asubuhi ilibidi mishale ikusanywe. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyejitokeza kumsaidia. Alianzia juu, kileleni mwa Thier-du-Loup, ambako mstari wa kumalizia ulikuwa bado mweupe kwenye lami. Mvua ilikuwa imekatika. Vikombe vya karatasi vilikuwa vimejaa mtaroni. Aling'oa ubao wa kwanza, akapumzika. Wa pili, akapumzika.

Alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma wa gari alipomwona mtu chini kabisa, pale kilima kinapoanza, akipanda peke yake kwa baiskeli. Hakuwa na namba mgongoni. Jaketi jeusi, goti limefungwa bendeji. Alikuja taratibu kwenye ule mwinuko wa katikati, ambako lami inasimama kama ukuta, akaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, akitumia upana wote wa barabara, na ndipo Ghislain akamfahamu kwa ule mdomo wazi.

Kutoka kwenye njia ya shamba, upande wa pili, lori lilikuwa linakuja, kubwa, likiwa na haraka ya Jumatatu. Ghislain alisimama. Aliingia barabarani akainua mkono.

Lori likapiga breki. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee, mbio zilikuwa jana."

Ghislain, akitafuta pumzi, hakushusha mkono. Dereva alifungua mdomo amwongezee, akageuza macho kule chini, akaona. Akazima injini.

Wakangoja. Ilichukua muda. Hudec alipita kati yao bila kumtazama hata mmoja, koo likikoroma, damu mpya imelowesha bendeji. Akaukanyaga mstari mweupe ambao jana hakuufikia, akaenda hatua chache, akaweka mguu chini. Hakuinua mikono. Alilaza paji la uso juu ya usukani, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Kisha akageuza baiskeli na kushuka alikotoka, vidole kwenye breki.

Dereva akamtazama Ghislain. "Ni nani yule?"